Samli, mafuta ya sangara na dumu la alizeti

Huu ugomvi wa mafuta ya wanyama na mafuta ya mbegu umeshafika mpaka Kirumba hapa Mwanza jamani. Zamani ukienda bucha unamwambia muuzaji apunguze mafuta kwenye nyama yako, siku hizi kuna watu wanaomba mafuta yenyewe, yale meupe ya kwenye figo, wakayayeyushe nyumbani kwa sababu wameona klipu kwenye simu, mtu yuko Marekani huko anasema mafuta ya alizeti na soya ni sumu na dawa ni kurudi kwenye mafuta ya ng'ombe. Alafu upande wa pili kuna mama zetu wenye presha, wametoka kliniki wameambiwa mafuta ya mnyama basi, wakifika nyumbani wanatoa hata kile kichupa cha samli alicholeta ndugu kutoka Kwimba, na kesho yake asubuhi wanachoma maandazi kwenye mafuta ya juzi na moyo umetulia kabisa kwa sababu chupa imeandikwa haina kolestro. Hayo maandishi ni ya kweli, ila ni ya kweli kwa mafuta ya mmea wowote ule, hata ukiyachemsha mpaka yawe meusi bado hayana kolestro na bado hayafai kuliwa.

Mi samli naipenda na nitaitetea hapa hapa. Alizeti nayo natumia, karibu kila siku. Ninachotaka kusema ni kwamba kwetu sisi watu wa Ziwa Victoria kitu kikubwa kilichobadilika jikoni sio aina ya mafuta, ni wingi wake na moto tunaoyapigia, na hilo wale wa kwenye klipu hawawezi kukwambia kwa sababu historia ya jiko lao ni tofauti na yetu.

Angalia wenzetu wametokea wapi. Marekani walikuwa wanakaangia mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe toka zamani, mwaka 1911 kampuni ya Procter & Gamble ikaleta Crisco, mafuta ya mgando yaliyotengenezwa kwa mbegu za pamba, watu wakahama taratibu. Chips za McDonald's zilikuwa zinakaangwa kwa mafuta yenye ng'ombe kwa wingi mpaka mwaka 1990 walipobadilisha wakaweka ya mimea, na sasa hivi kuna wanaotaka yarudi. Kwa hiyo wao wametoka kwenye kukaanga wakaenda kwenye kukaanga, wanagombania tu kilichomo kwenye karai. Sisi tumetoka kwenye kuchemsha.

Fikiria chakula cha bibi zetu huku. Sato wa chukuchuku, maji, chumvi, nyanya kama zipo na ndimu. Kamongo wa kubanikwa kwenye moshi. Dagaa wa kuanikwa kisha anachemshwa na nyanya. Michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, havijui hata kikaango kinafananaje. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, inaungwa kwa karanga zilizotwangwa na hapo mafuta yameshaingia, maana karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, yaani ni mafuta ya mbegu kamili ila yamekuja na protini yake na hayajapigwa moto mkali. Nyama ilikuwa ya kuchoma au ya kuchemsha, na ikichemshwa yale mafuta yanaelea juu ya supu unayanywa. Kukaanga kwenyewe, kule kuzamisha kitu kwenye mafuta mengi, kulikuja mafuta yalipoanza kupatikana kwa bei ya kuweza kuyajaza kwenye karai. Huwezi kujaza karai kwa samli. Nani angekubali?

Na hapa nataka niseme samli inavyopatikana maana watu wengi wa mjini wanaiona kwenye kichupa wanadhani ni kitu cha kuchota. Shangazi yangu Misungwi alikuwa anafuga ng'ombe hawa wetu wa kienyeji, wenye nundu, maziwa yake kidogo lakini mazito, mafuta yake yanakaribia asilimia 5 wakati ng'ombe wa kisasa mweusi na mweupe anatoa maziwa mengi yenye asilimia 3 na kidogo. Maziwa yanawekwa kwenye kibuyu yanagandishwa, yakishachachuka vizuri ndo yanasukwa. Kusuka unakaa chini kibuyu kiko mapajani au kimening'inizwa, unasukuma unavuta, unasukuma unavuta, mkono unauma na ukibadilisha mkono na huo nao unauma, mpaka unasikia sauti ya ndani inabadilika, ile chwa chwa ya maji inakuwa nzito na kuna mabonge yanagonga. Hapo siagi imetoka. Inachotwa, inaoshwa na maji baridi mpaka maji yatoke safi kabisa bila maziwa, ndo inawekwa kwenye sufuria juu ya moto mdogo sana. Inachemka kwa kelele kwanza kwa sababu kuna maji ndani, kelele ikiisha maji yameisha, chini kunabaki vile vimabaki vya kahawia vya maziwa ambavyo sisi watoto tulikuwa tunagombania na ugali, juu kuna kitu cha dhahabu kinanuka kama karanga. Unachuja, unaweka kwenye chupa kavu. Inakaa miezi bila friji.

Piga hesabu sasa, kwa maziwa hayo mazuri kabisa kilo moja ya samli inakula zaidi ya lita 20 za maziwa. Kwa hiyo ilikuwa inatumika kwa kijiko, sana sana kwa wagonjwa, mama aliyejifungua, mgeni, na kijiko kimoja juu ya mlenda au mgagani wa familia nzima mwishoni kabisa sufuria ikishaipuliwa. Kale kakijiko kalikuwa na kazi kubwa, kwa sababu ile rangi ya kijani kwenye majani imeficha karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na mwili hauwezi kuichukua vizuri bila mafuta kidogo, alafu samli yenyewe ina vitamini A yake ndani. Bibi hakusoma haya mahali popote lakini mboga kavu bila mafuta hakukupa.

Sasa mtu akija kuniambia babu zetu walikula mafuta ya mnyama na hawakuumwa moyo, namuuliza walikula kiasi gani. Kijiko kwa sufuria. Na walikuwa wanatembea kutwa nyuma ya ng'ombe. Kuchukua samli ya namna hiyo ukaifanya ndo mafuta ya kukaangia kila kitu asubuhi mpaka usiku, huko sio kurudi kwa mababu, mababu hawakuwahi kufika huko.

Hilo la pili, kwamba mafuta ya mbegu ni ya kizungu yameletwa kutuua, hilo nalo kwa Mwanza linanishangaza sana. Hii nchi ya Usukuma ni nchi ya pamba! Shule zimejengwa kwa pamba, mahari zimelipwa kwa pamba, na pamba ikishachambuliwa nyuzi zinakwenda zake mbegu zinabaki, mbegu zinakamuliwa mafuta na yale mashudu anapewa ng'ombe. Yaani mafuta ya mbegu na samli kwetu vinatoka kwenye duara moja, ng'ombe aliyekula mashudu ya pamba ndo anayetoa maziwa ya siagi. Mafuta ya pamba nilikulia humo. Kitu kimoja tu kuhusu pamba, mbegu yake ina kitu kinaitwa gosipoli ambacho ni sumu kweli, kinaondolewa mafuta yakisafishwa kiwandani, ndo maana mafuta ya pamba yaliyokamuliwa mtaani bila kusafishwa mi siyagusi na nakushauri na wewe usiyaguse. Alizeti ghafi ya mashine ya mtaani haina hilo tatizo, ina rangi nzito na harufu yake nzuri, ila inatoa moshi mapema sana kuliko iliyosafishwa kwa hiyo iunge nayo mboga kwa moto wa wastani, usiitumie kuchoma maandazi.

Alafu kuna mafuta ambayo hakuna mtu wa Marekani atakayeyasema kwenye klipu yake, mafuta ya sangara. Haya ndo ya kwetu kabisa japo samaki mwenyewe alikuja, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 akatokea kuwa mkubwa wa ziwa. Sangara ana mafuta mengi mpaka ukimuanika juani kama unavyomuanika sato anaharibika, ndo maana anabanikwa kwa moshi, na kuni zilizokwenda kwa kazi hiyo visiwani ni nyingi sana. Viwanda vya minofu viliposhamiri miaka ya 1990 minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, bondo, kile kibofu cha hewa cha tumboni mwake, likawa dhahabu linakwenda China, sisi tukabakiwa na mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki minofu ikitolewa, na mafuta ya tumboni. Akina mama wakayachukua hayo mafuta ya tumboni wakayayeyusha wakakaangia yale mapanki, na wengi wamesomesha watoto kwa karai hilo. Mtu aliyekulia karibu na Mwaloni, lile soko la samaki, harufu hiyo anaijua hata akiwa amefumba macho. Mi nawaheshimu sana hao akina mama na naumia nikisikia mtu anaita mafuta yale chakula cha shida, maana ni mafuta ya samaki, mepesi, laini kwenye joto letu, na yakiwa mapya yana ladha ambayo dumu halina. Tatizo lake yanaharibika haraka. Mafuta ya samaki kwa asili yake yanashambuliwa upesi na hewa, mwanga na joto, kwa hiyo yale yaliyokaa wiki kadhaa kwenye chupa ya plastiki nyeupe mezani juani usiyanunue hata kwa bei ya bure.

Dumu sasa. Mafuta mengi tunayopimiwa dukani ni mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia, na alizeti ya Singida na Dodoma haijawahi kututosha, ndo maana 2022 tuliumia vile, vita Ukraine ambako alizeti nyingi ya dunia inatoka, alafu mwezi wa nne Indonesia ikafunga kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa, na mama wa maandazi hapa Igoma akapunguza saizi ya andazi. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba hayo mawese japo ni ya mmea, nusu ya mafuta yake ni yale magumu, yanayoitwa saturated, sawa sawa tu na mafuta ya ng'ombe. Alizeti ni kama asilimia 11 tu. Nazi ndo usiseme, inapita asilimia 80. Kwa hiyo kusema "mimea nzuri, wanyama mbaya" au kinyume chake inakuwa haina maana, unatakiwa ujue ni mmea gani.

Kwa upande wa moyo sitazunguka. Ushahidi wa miaka mingi uko upande wa mafuta laini, ukipunguza yale magumu ukaweka laini kama ya alizeti kolestro mbaya kwenye damu inashuka na hatari ya moyo inapungua, na Shirika la Afya Duniani linasema mafuta magumu yasizidi asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku. Kwa mtu anayekula kalori 2000 hiyo ni kama gramu 22, na kijiko kikubwa cha samli peke yake kina kama gramu 8 au 9. Vijiko viwili na nusu umemaliza, bado hujala nyama, hujanywa maziwa. Mwenye presha na kisukari asikilize kliniki, asinisikilize mimi. Lakini kuna kitu kibaya kuliko vyote viwili nacho ni yale mafuta laini yaliyogandishwa kiwandani nusu nusu, yale yenye transi, yaliyokuwa kwenye majarini ngumu za zamani na mafuta ya ndoo ya kuokea, ndo hayo Shirika la Afya mwaka 2018 lilitaka nchi zote ziyaondoe. Ukinunua mafuta ya mgando ya ndoo soma kibandiko, ukiona yamegandishwa kwa haidrojeni kwa sehemu rudisha.

Haya, tuje kwenye moto, maana hapa ndo penye ugonjwa wetu.

Pita jioni yoyote barabarani, Buzuruga, Igoma, Nyegezi stendi, angalia karai la chips. Mafuta yana rangi ya chai ya rangi au yameshafika kwenye kahawa, povu dogo dogo lisiloisha, moshi unawasha macho, na kesho yatachujwa vipande yaongezewe mapya kidogo yaendelee. Mafuta ya kukaangia yanapaswa yawe joto la nyuzi 170 mpaka 190 za Selsiasi hivi, yakishaanza kutoa moshi yanavunjika, na kila ukiyarudia yanavunjika upya, yanakuwa mazito, yanashika kama gundi pembeni ya karai, na yanatoa kemikali ambazo mwili hauzitaki. Na hapa wale wa mafuta ya ng'ombe wana pointi, lazima tuwape haki yao: alizeti ambayo ni nzuri kwa moyo ndo hiyo hiyo inayovunjika haraka ikirudiwa rudiwa kwenye moto mkali, wakati mafuta magumu kama ya ng'ombe au mawese yanavumilia zaidi. Yaani ule ulaini unaoifanya iwe nzuri mwilini ndo unaoifanya iwe dhaifu kwenye karai. Samli nayo inafika karibu 250 kabla ya kutoa moshi kwa sababu maji na maziwa vimeshatolewa, siagi ya kawaida inaungua mapema sana. Lakini jibu la hilo sio kujaza ng'ombe kwenye karai, jibu ni kupunguza karai. Chips za kila jioni hazigeuki kuwa chakula cha mababu kwa sababu umebadilisha mafuta.

Naelewa kwa nini mama ntilie harushi mafuta, naelewa kabisa, dumu ni mtaji. Simlaumu. Namlaumu mtu mwenye uwezo wake nyumbani anayetunza mafuta ya samaki, ya mihogo na ya sambusa kwenye sufuria moja chini ya meza mwezi mzima.

Nyumbani kwangu inakwenda hivi. Alizeti iliyosafishwa ndo ya kuungia mboga, maharage, choroko, na kukaangia dagaa kwa mafuta machache, dagaa wa ziwani akishaoshwa vizuri mchanga akakauka hahitaji kuogelea, vijiko vitatu na moto wa wastani unageuza geuza anakuwa mkavu mwenyewe. Dumu linakaa kabatini gizani, maana vitamini A waliyoongeza kiwandani inakufa na jua, na ndo maana mafuta ya kupima yaliyopangwa kwenye chupa nyeupe mbele ya duka siyapendi. Samli ni ya pilau, ya ndizi na nyama, ya kumalizia mlenda, na ya uji wa mzazi. Kwenye pilau sijaribu hata kufikiria kitu kingine, vitunguu vikishaanza kubadilika rangi ndani ya samli nyumba nzima inajua kuna mgeni. Nyama yenye mafuta yake mwenyewe siiongezei chochote, naianzia kwenye sufuria kavu na maji kidogo, maji yakikauka inajikaanga.

Na mgeni nae ni wa kufikiria. Mwanza hii tunakaa Waislamu, Wakristo, Wahindu, Wasabato nyumba kwa nyumba, ukianza kupikia mafuta ya wanyama yaliyoyeyushwa lazima uwe na uwezo wa kumwambia mtu ni ya mnyama gani na kachinjwa na nani. Mafuta ya kitimoto hata kama wewe unakula, sufuria yake iwe peke yake na mwiko wake peke yake. Mafuta ya mmea yametusaidia hapo, jirani anakula bila kuuliza, na kwangu mimi hiyo ni sababu nzito kuliko nusu ya yanayosemwa kwenye klipu.

Samli nunua kwa mtu unayemjua, kutoka Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema huko wanakofuga. Kuna inayochanganywa na mafuta ya mgando. Ya kweli ikipoa inakuwa na chenga chenga sio laini kama losheni, na ukisugua kidogo kiganjani inayeyuka upesi inatoa harufu ya maziwa. Bei ikiwa karibu na ya dumu basi hiyo sio samli, rudi kwenye hesabu ya lita 20.

Na kama unataka kujaribu mafuta ya sangara, nenda Mwaloni asubuhi mapema, chagua ya tumboni meupe au ya manjano hafifu yasiyo na damu, osha na ndimu, kata vipande vidogo. Weka kwenye sufuria na maji kikombe kimoja na tangawizi iliyopondwa, moto mdogo, maji yataanza kazi ya kuyeyusha bila kuunguza na yatakauka yenyewe. Chuja yakiwa ya moto kwa kitambaa, acha yapoe, weka kwenye chupa ya rangi nyeusi au kahawia, friji kama unayo. Kaangia samaki yule yule, mapanki au sato, mara moja tu, na yaishe ndani ya wiki. Yakianza kunuka kama rangi ya ukuta yamwage.